Kununua boti ya mpira ya kuvulia mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku hizi huwezi kushika simu bila kupitiwa na tangazo la boti ya mpira: mtu kaketi katikati ya maji ya buluu, fimbo mkononi, samaki mkubwa miguuni, na bei inayokufanya uangalie mara mbili. Maswali yafuatayo ndiyo yanayoulizwa zaidi na watu wa ziwani, wa pwani, na ndugu walioko nje wanaotaka kununua. Ukurasa huu hauuzi boti.

Boti ya mpira inavulia kweli, au ni ya kuchezea ufukweni?

Inavulia, ila si kila uvuvi. Kwa mtu wa mshipi au fimbo, anayefuata sato bwawani, changu kwenye mwamba wa karibu, au sangara mmoja mmoja kando ya visiwa, boti ya mita 3 hadi 3.6 ni chombo kizuri. Inakunjwa, inaingia nyuma ya gari, inalala nyumbani, na hulipi mlinzi wa usiku.

Kwa mtu wa jarife (wavu mkubwa wa kunasia), dema (mtego wa kikapu) au dagaa wa taa, jibu ni hapana. Jarife lililolowa ni zito, na likipanda na vipande vya matumbawe linakwangua kila linapoburutwa. Dema lina ncha pande zote. Karabai yenye moto na mafuta ya taa juu ya plastiki iliyojaa hewa, hapo hata maelezo hayahitajiki. Mtu wa kazi hizo aweke pesa yake kwenye mtumbwi wa mbao au boti ya faiba. Fundi wake yupo palepale mwaloni au dikoni, na ubao ukivuja unatiwa kalafati asubuhi, jioni chombo kiko majini.

Wauzaji hawatakwambia hili, kwa hiyo limetangulia hapa.

"Kaka, mzee wangu anavua kwa nyavu Ukerewe. Mimi niko Muscat, nataka kumtumia boti ya mpira iwe zawadi. Unanishauri nini?"

Mdogo wangu, mpigie mzee kwanza. Usimwambie unamletea nini. Muulize anakwama wapi. Huenda akakutajia mashine, nyavu, au mbao za kukarabati mtumbwi alionao. Zawadi ya namna hiyo itamwingizia kitoweo na hela. Boti ya mpira kwa mvuvi wa nyavu itaishia kuwa ya wajukuu.

Kwa walioko Marekani kuna jambo la ziada. Boti nyingi za kuvulia zinazotangazwa huko zimeundwa kwa ajili ya mito yenye mawe na maji ya kasi. Katikati kuna fremu ya aluminiamu, mpigakasia anakaa hapo, na mvuvi anasimama mbele akirusha ndoano huku boti ikishuka na mkondo. Sakafu zake nyingi zina matundu kwa makusudi, ili maji yanayoingia yatoke yenyewe. Nyingi hazina ubao wa nyuma wa kufungia mashine. Ni boti imara sana na bei yake inauma, lakini mtu wa Kigoma atakayeipokea ataizunguka mara tatu akitafuta mahali pa kufunga Yamaha yake.

Nitajuaje kama tangazo ni la kweli?

Anza na picha. Hifadhi picha ya tangazo, kisha itafute kwa Google Lens. Ikijitokeza kwenye maduka kumi ya nchi tofauti, yenye majina tofauti, jua huyu aliyekutumia hajawahi kuishika boti hiyo. Hilo peke yake si utapeli, kwani madalali wengi hutumia picha za kiwandani, ila sasa una haki ya kudai zaidi: "Naomba video fupi ya boti ikiwa imejazwa, na uweke karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo juu yake." Mwenye mzigo ataifanya hata kama atanung'unika. Asiye nao ataanza hadithi: ghala limefungwa, kijana wa stoo kasafiri, kamera mbovu.

Ukurasa ukiwa wa Facebook, fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa uone ulianzishwa lini na umewahi kuitwa majina gani. Ukurasa uliokuwa wa mapishi mwaka jana na leo unauza boti, uache upite.

Halafu sikiliza lugha ya haraka. "Zimebaki mbili." "Ofa inaisha saa sita usiku." "Bosi amekubali punguzo ukilipa sasa hivi." Boti si maandazi kwamba zitaisha kabla ya saa nne. Na muuzaji uliyempata kwenye jukwaa kubwa la biashara akikusihi mhamie WhatsApp mlipane pembeni ili "tuepuke makato", anachokuondolea ni ulinzi wako. Majukwaa hayo hurudisha pesa zilizopita kwao tu.

Mbinu inayowanasa wengi huja baada ya malipo ya kwanza. Unapokea ujumbe kwamba mzigo umezuiwa forodha na unahitaji "ada ya kibali", kisha "bima", kisha "ada ya ghala". Kila kiasi ni kidogo kuliko ulichokwisha kutoa, ndiyo maana mtu anaendelea kulipa. Ushuru halali una namba ya malipo ya serikali. Haulipwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Tanzania, namba ya tapeli inaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Kenya, kwa Safaricom ni 333.

Nimuulize nini muuzaji kabla ya kulipa?

Kitu cha kwanza ni picha ya kibao cha boti. Boti iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha ISO 6185, ambacho ndicho cha boti za kujaza hewa, ina kibao kinachoonyesha idadi ya watu, uzito wa juu, nguvu ya juu ya mashine na shinikizo la kila chumba cha hewa. Muuzaji anayekujibu "inabeba watu watano bosi, haina shida" bila kibao amekujibu kwa mdomo tu.

Pili, kitambaa. Hapa ndipo boti ya kazi inapoachana na ya kuchezea. Ya kuchezea ni plastiki tupu. Ukiikata ukingo huoni uzi wowote. Ya kazi ina kitambaa cha polista katikati, kimefunikwa kwa PVC juu na chini. Omba picha ya karibu ya ukingo uliokatwa, kwa mfano ncha ya kiraka kilichokuja na boti, na unapaswa kuona nyuzi zimepishana. Unene wa milimita 0.9 ndio wa kawaida kwa boti nzuri ndogo. Zile za kukodisha na za kazi ngumu hufika 1.2. Akisema 0.6, tafuta nyingine.

Tatu, maungio: yamegundishwa kwa gundi au yamechomelewa kwa joto? Kwa jua letu, maungio ya PVC yaliyochomelewa yanadumu zaidi. Gundi inachoka kwa joto, na ikianza kuachia haiachii sehemu moja.

Nne, sakafu. Ziko za vipande vya mbao, za aluminiamu, na za hewa zenye nyuzi ndani zinazoshikilia juu na chini, hizo zinajazwa mpaka psi 8 au 10 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa) na zinakuwa ngumu kama ubao. Ya aluminiamu ni nzito na inachosha kuifunga, lakini ndiyo inayostahimili kreti la samaki na miguu ya mtu anayesimama. Ya hewa ni nyepesi na inafaa kwa mtu anayevua peke yake, mradi awe mwangalifu na ndoano.

Tano, valvu. Uliza ni ya aina gani na kama anaweza kukuongezea mbili za akiba pamoja na spana yake. Ni kitu kidogo cha kuudhi: boti nzima ikakaa stoo miezi mitatu kwa sababu ya kipande cha plastiki ambacho Kariakoo yote haina. Aina ya Halkey-Roberts iko kwenye boti nyingi za PVC kutoka China, kwa hiyo vipuri vyake ni rahisi kuagiza.

Mwisho, uzito wa mzigo ukiwa umefungwa na vipimo vya boksi. Bila hivyo huwezi kujua gharama ya usafiri.

Nichukue PVC au Hypalon?

Hypalon ni mpira wa sintetiki unaovumilia jua, petroli na mikwaruzo kuliko PVC. Jina ni la DuPont, ambao waliacha kuutengeneza mwaka 2010, lakini watu wameendelea kuuita hivyohivyo hata unapotoka viwanda vingine. Boti yake ni ghali zaidi kwa kiasi kikubwa. Kama chombo kitashinda majini na juani kila siku, kwa mfano cha hoteli au cha wazamiaji, lipa. Kama unavua mwisho wa wiki na unaikunja ukirudi, PVC nzuri inatosha.

Tangazo linasema "watu 4". Ni wanne kweli?

Ni wanne waliokaa kimya bila kitu. Hesabu ya kawaida ya viwanda ni kilo 75 kwa mtu mzima, yaani kilo 300. Sasa weka boksi la barafu, tangi la petroli, nanga, betri, ndoo ya chambo na samaki mnaowatarajia. Boti ya watu wanne ni ya wavuvi wawili. Ya watu wawili ni yako peke yako.

Mashine gani inafaa?

Fuata kibao. Boti nyingi za mita 3.3 zinaruhusu hadi HP 10 au 15. Yamaha 40 inayovuta mitumbwi mikubwa ya Ziwa Victoria ina uzito wa karibu kilo 70. Ukiifunga kwenye boti ya mpira ya mita 3, pua inaangalia mawingu na maji yanaingia kwa nyuma.

Pima urefu wa shafti, yaani mguu wa mashine unaoshuka majini, kabla ya kununua chochote. Shafti fupi ni inchi 15, ndefu ni inchi 20. Boti ndogo za mpira karibu zote zina ubao wa nyuma wa shafti fupi, na mashine nyingi za mtumba zinazozunguka huku ni ndefu. Shafti ndefu kwenye ubao mfupi inagusa chini upesi na inarusha maji.

Nilipeje ili pesa yangu isipotee?

Kwa muuzaji wa hapa nchini: nenda, ijazeni, lipa. Kama yuko mkoa mwingine, tafuta ndugu au rafiki aende kwa niaba yako kabla pesa haijatoka.

Kwa viwanda vya China, utaratibu wa kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla mzigo haujaondoka. Ni sawa kwa kontena zima, lakini kwa boti moja ya mtu binafsi ni afadhali kulipa ndani ya jukwaa lenye ulinzi wa mnunuzi, kama Trade Assurance ya Alibaba, hata kama makato yapo.

Hapo kuna mtego unaostahili kuelezwa polepole. Wanunuzi wengi wa kwetu huelekeza mzigo kwa wakala mwenye ghala Guangzhou, naye ndiye anayeusafirisha kwa meli. Kwa mfumo wa jukwaa, boti ikishafika Guangzhou imeshapokelewa, na siku za kulalamika zinaanza kuhesabiwa hapo. Meli inachukua wiki nyingi. Unafungua boksi Dar au Mombasa, unakuta chumba kimoja kinavuja au kasia ni moja, na dirisha la malalamiko lilifungwa boti ikiwa katikati ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mlipe wakala kitu kidogo afungue boksi kulekule, apige picha kibao, ahesabu makasia, pampu, kiti, valvu na viraka, na kama ana moyo aijaze hewa ilale usiku mmoja. Usibonyeze kitufe cha "nimepokea" kabla hajakujibu.

Niisafirishe kwa ndege au meli?

Meli, isipokuwa una haraka na una pesa. Boti ya mita 3.3 yenye sakafu ya aluminiamu ina kilo 60 na ushee. Kwa ndege utatozwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, wowote ulio mkubwa. Uzito wa ujazo unapatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Kampuni za vifurushi hugawa kwa 5,000. Boksi la 110 kwa 60 kwa 35 linakupa kilo 38.5, kwa hiyo hapo utalipia zile 60 halisi. Kwa meli unalipia ujazo, na boksi hilohilo ni CBM (mita za ujazo) 0.23, ndiyo maana wengi wanasubiri.

Jambo jingine: gundi ya kuzibia ni kitu kinachowaka, na mizigo ya ndege huikataa. Ukisafirisha kwa ndege, usishangae kukuta viraka vipo na kichupa cha gundi hakipo. Panga kuinunua huku.

Ushuru utakuwa kiasi gani?

Inategemea boti imeandikwaje kwenye nyaraka. Katika orodha ya forodha, vyombo vya uvuvi viko fungu la 8902, boti za starehe na michezo pamoja na zile za kujaza hewa ziko 8903, na maboya makubwa ya kuokolea yanayojazwa hewa yako 8907. Viwango havilingani, na vinaweza kubadilika kila bajeti ya Juni. Muulize wakala wa forodha mwenye leseni kabla ya kuagiza, ukiwa na proforma (ankara ya awali ya muuzaji) mkononi. Mwambie muuzaji aandike maelezo ya kweli, yanayotosha: "boti ya PVC ya kujaza hewa, mita 3.3, bila mashine". Neno "plastiki" peke yake linakaribisha ukaguzi.

Namna ya kukokotoa haibadiliki. Kodi inaanzia kwenye bei ya boti pamoja na usafiri na bima. Tuchukulie, kwa mfano tu, boti dola 600, usafiri 150, bima 10, jumla 760, na ushuru asilimia 25. Hiyo ni dola 190. VAT ya Tanzania, asilimia 18, inakokotolewa juu ya 950, si juu ya 600: dola 171. Tayari ni 361, kabla ya tozo ndogondogo na mkono wa wakala. Kenya VAT ni asilimia 16, hesabu ni ileile.

Mawakala wa kuchangia kontena hukupa bei moja ya CBM "pamoja na kila kitu", na kwa nguo au viatu watu wameridhika. Kwa boti fikiria mara mbili. Mzigo unatolewa kwa jina lao, wewe hubaki na karatasi ya forodha, na siku ya kusajili chombo unaweza kuulizwa kilivyoingia nchini.

Nahitaji vibali, au nijaze hewa niingie majini?

Vibali. Usalama wa vyombo vidogo uko chini ya mamlaka za usafiri wa majini: Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA. Leseni ya uvuvi kwa vyombo vidogo Tanzania unaanzia kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Kenya anzia kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya ufuo wako, watakuelekeza. Nenda na risiti, picha ya kibao na vipimo.

Uganda ni habari nyingine. Kanuni zao za Ziwa Victoria zimekuwa zikidai chombo cha uvuvi kisipungue futi 28, na tangu 2017 jeshi lilianza kuzisimamia kwa nguvu, mitumbwi mifupi ikachomwa. Boti ya mpira ya futi 11 inaingia moja kwa moja kwenye mgogoro huo. Ongea na afisa uvuvi kabla hujaagiza.

Hifadhi za bahari nazo zina sheria zake. Mafia na Mnazi Bay kuna maeneo ya kuvua na yasiyoguswa. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Kenya, kama Malindi, Watamu na Kisite, hakuna kuvua kabisa.

Imefika. Nianze na nini?

Usiikimbize majini. Ijaze nyumbani, jioni, kivulini. Jaza vyumba kwa zamu, kila kimoja nusu, halafu urudi kukamilisha, vinginevyo ukuta wa katikati unavutwa upande mmoja. Tumia geji. Vyumba vya pembeni vya boti nyingi ni psi 2.5 hadi 3.6, na huenda kibao kikaandika milibari 250, ambazo ndizo hiyo 3.6.

Pampu ya mguu itakutoa jasho, vumilia. Usiipeleke kwa fundi pancha. Kompresa yake imezoea tairi za psi 30, na sekunde chache zinatosha kufungua maungio.

Ikishajaa, pitisha maji ya sabuni kwenye valvu zote, kwenye maungio na pale ubao wa nyuma unapokutana na mpira. Povu likichemka mahali, hapo pana tundu. Piga video na tarehe. Iache ilale, uipime asubuhi mapema. Kushuka kidogo ni baridi ya usiku. Chumba kimoja kikiwa kimelegea na kingine kigumu, huo ni uvujaji.

Mbona mchana inakuwa ngumu kama ngoma, na ikiingia majini inalegea?

Ni hewa inayopanuka na kusinyaa. Ukiijaza alfajiri kwa psi 3 kwenye nyuzijoto 25, hewa ya ndani ikifika nyuzijoto 45 juani, geji itasoma zaidi ya psi 4. Boti ikipumzishwa mchangani saa saba mchana, punguza hewa au ifunike kwa turubai. Ikiingia kwenye maji ya baridi inalegea, ongeza. Watu wengi wanaodai wamepewa boti mbovu wamekutana na hili tu.

Samaki wenye miiba je? Na nanga?

Miiba ya mgongo ya sato inaweza kutoboa kitambaa chembamba. Sangara anatikisa kichwa na mfuniko wake wa shavu una makali. Baharini ni tasi, hongwe na taa, ambao hata mkono wako hawauhurumii. Dawa ni kutomwachia samaki sakafuni: ndoo yenye mfuniko, au kreti la plastiki lililowekwa juu ya mkeka mzito, na samaki aingie humo akiwa bado kwenye ndoano. Kisu kiwe na ala. Ndoano zikae kwenye boksi linalofungwa.

Nanga ya nondo, ile ya kuchomelea mtaani, usiipandishe kwenye boti ya mpira hata kwa bahati mbaya. Tumia nanga ya kukunja iliyo ndani ya mfuko wake, au kwenye mchanga mtupu, kiroba kilichojazwa mchanga.

Ikitoboka, fundi gani anaitengeneza?

Wewe mwenyewe. Solusheni ya fundi pancha ni ya mpira wa tyubu. Kwenye PVC inashika siku mbili inabanduka. Gundi ya viatu vilevile. PVC inataka gundi ya poliyurethani ya kuchanganya na kigumu chake. Hypalon inataka ya neoprini. Moja haifanyi kazi ya nyingine.

Toa hewa yote. Kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, pembe uzikate mviringo ili zisinyanyuke. Safisha kwa asetoni pande zote mbili. Paka gundi nyembamba, iache ikauke hadi ishike kidole kidogo, paka tena, kisha bandika ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko. Usifanye kukiwa na mvua wala jua kali. Baada ya hapo iache saa 24, na usiwasikilize wanaosema saa mbili zinatosha.

Naweza kwenda nayo mbali?

Usiende mbali kuliko unavyoweza kurudi kwa kasia. Boti ya mpira inaelea juujuu ya maji, upepo unaisukuma kirahisi, na mtu mmoja mwenye makasia mafupi hashindani na upepo wa kusi wa Julai. Upepo hatari zaidi ni ule wa asubuhi unaotoka bara kwenda baharini, kwa sababu ufukweni maji yanaonekana yametulia na kila hatua ya kutoka ni rahisi. Ziwa Victoria lina dhoruba zinazozuka ghafla, hasa usiku na alfajiri. Wingu jeusi likianza kujikusanya, kunja mshipi.

Palipo na viboko, baki nchi kavu. Mtumbwi wa mbao wanaupindua, sembuse boti ya mpira. Mamba hivyohivyo.

Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto. Kwa maji ya wazi tafuta la nyutoni 150 (kipimo cha nguvu ya kuelea) au zaidi, na uepuke yale ya sponji laini yanayouzwa kwa rangi nzuri bila lebo. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, filimbi shingoni, na mtu ufukweni ajue unarudi saa ngapi.

Nikitaka kuiuza baadaye, nitapata mnunuzi?

Utapata, ila wataiangalia chini kwanza. Boti iliyooshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila ikitoka baharini, ikakaushwa, ikapakwa poda na kukunjwa kilegevu mahali pasipo na panya, bado ina bei nzuri. Iliyoshinda juani inanata ukiigusa, na hiyo dalili kila mnunuzi anaijua. Weka risiti, picha ya kibao na karatasi za forodha pamoja kwenye mfuko mmoja. Mwenye kununua atazihitaji kubadilisha jina. Ukiitangaza, piga picha zako mwenyewe, na kiraka kama kipo kionekane.